Bi. Teodora Haule, Aliyetupeleka Likizo Makambako

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Teodora Haule anastaafu, baada ya kuutumikia ushirika wetu wa viazi hapa Njombe kwa miaka thelathini na miwili. Alianza kama mpiga chapa, akawa katibu muhtasi, na katika miaka ya mwisho aliongezewa uenyekiti wa Kamati ya Ustawi wa Wafanyakazi. Cheo hiki cha tatu hakina mshahara, na ndicho kilichomletea maadui.

Alizaliwa Lugarawa, akaja Njombe akiwa msichana anayepiga chapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama mashine. Mameneja watano wamepita mikononi mwake. Wote aliwasahihishia hotuba zao, hata zile walizokwisha kuzisoma mbele ya watu.

Lakini tunajua msomaji anangoja habari ya Makambako, basi tuieleze.

Zamani, kila Agosti, ushirika ulikodi mabasi mawili kutupeleka Bagamoyo kupunga upepo. Basi la pili lilibeba watu sita na maturubai. Nyuma yake lilifuata gari la meneja, Bwana Sadock Ngimbudzi, likiwa na dereva tu, kwa kuwa meneja alipenda kupanda basi la kwanza ili awe karibu na wafanyakazi. Tulichokula njiani tulikula, na maganda, chupa na mifuko tukavitupa dirishani.

Mwaka 2018, tukipita Mikumi, mmoja wetu alitupa chupa ya maji. Nyani aliyekuwa kando ya barabara akaiokota, akaitazama, akaturudishia. Basi lilikuwa linavuka tuta polepole. Chupa ikaingia kwa dirisha lile lile na kumpata meneja begani. Bwana Ngimbudzi aliliona jambo hilo kuwa utovu wa nidhamu. Bi. Teodora hakucheka. Tulipofika ufukweni Bagamoyo hakuvua hata viatu.

Kwenye mkutano mkuu uliofuata alisimama akasema, "Tunachoma mafuta mapipa kwa mapipa kwenda kupumzika, na wala hatukuchoka kiasi hicho." Akapendekeza likizo ifanyike karibu, watu wasafiri kwa mabasi ya kawaida ya abiria, na kila mmoja arudi na takataka zake. Mahali alipopataja ni Makambako.

Makambako ni mji ambao watu hushuka ili wapande gari jingine. Hakuna aliyewahi kwenda kule kupumzika. Kura zikapigwa, na Bi. Teodora akashinda, kwa sababu wapinzani walidhani ni utani wakampigia nao.

Aliyeumia zaidi ni Kornelio Mgaya wa ghalani, aliyeajiriwa baada ya safari ile ya mwisho. Hakuwahi kuiona bahari, na alikwisha kununua kaptura ya kuogelea. Alikuja nayo Makambako, na kwa kuwa Agosti ile ilikuwa na baridi kali, akaivaa juu ya suruali ili kila mtu aione.

Tulifikia nyumba ya wageni ya Mama Eveline Mlowe, karibu na stendi. Mama huyu mwema hakuwahi kupata mgeni aliyelala siku ya pili. Kila alfajiri alipita akigonga milango: "Amkeni, mtaachwa." Nasi, kwa usingizi, tuliamka, tukafunga mizigo, tukakaa ukumbini na mabegi mapajani, mpaka Bi. Teodora atoke kutukumbusha kwamba hatuendi popote.

Mchana alitutembeza. Alisimama njia panda na mwavuli wake akatueleza: "Kushoto ni barabara ya Mbeya. Kulia ni ya Iringa. Nyuma ni tulikotoka." Tukapiga picha. Bwana Ngimbudzi, ambaye gari lake lilibaki Njombe kwa mara ya kwanza, alipiga picha nyingi kuliko wote.

Wenyeji walitutazama kwa huruma. Wakatuuliza kama tumekwama, tukajibu hapana, wakaona tunaona haya kusema. Siku ya pili alikuja fundi na spana zake akiuliza basi letu liko wapi. Tulipomwambia hatuna basi, aliondoka akitikisa kichwa.

Siku ya tatu Kornelio alimfuata Bi. Teodora. "Mama," alisema, "mimi habari ya moshi wa mabasi naielewa. Lakini nyinyi bahari mmeshaiona."

 Jioni Bi. Teodora alimwita akamwambia, "Umesema kweli. Niliwafikiria waliochoka na bahari, nikakusahau wewe." Tangu hapo ikawa kanuni ya kamati: asiyewahi kuiona bahari hupelekwa mara moja tu, kwa treni. Kornelio alikwenda mwaka uliofuata. Aliporudi tulimzunguka atusimulie. Alisema ni kubwa.

Jumapili tulisali kwenye usharika wa Kilutheri wa jirani, Bi. Teodora pamoja nasi, ingawa yeye ni Mkatoliki, kwa kuwa palifikika kwa miguu. Mchungaji akatusimamisha, akatangaza kwamba waumini wamewachangia nauli wasafiri waliokwama mjini, na sadaka hiyo imekwisha kuombewa.

Bi. Teodora alisimama. "Mchungaji, tunashukuru, lakini hatujakwama. Tuko likizo."

 Bibi mmoja wa kiti cha mbele akageuka. "Likizo ya kufanya nini, mwanangu?"

"Ya kupumzika, mama."

"Hapa?"

"Hapa."

Yule bibi akawageukia wenzake, akasema, "Basi ni wageni wetu." Kwa kuwa sadaka iliyoombewa hairudishwi mifukoni, wakanunua mbuzi. Tulikula nao uani kwa kanisa hadi mabasi ya Njombe yakaisha. Tulipaswa kuwa kazini Jumatatu asubuhi. Mwenyekiti wa bodi alipompigia Bi. Teodora simu jioni ile kuuliza tuko wapi, yeye ambaye hajawahi kuudanganya ushirika alimtazama yule bibi, akajibu, "Tumekwama."

Tangu mwaka ule hatujakodi basi hata moja. Tumepumzika Kidugala, tumepumzika Kichiwa, na Makambako tumerudi mara mbili kwa mwaliko.

Sasa Bi. Teodora anarudi kwao Lugarawa. Tulitaka kumkodia gari la mizigo. Amekataa gari zima lisichome mafuta kwa ajili ya kitanda na makabati mawili. Vyombo vyake vimepangwa kwenye korido ya ofisi, vikisubiri lori lenye safari zake za huko kwao Ludewa na nafasi ya kutosha.

Mama Haule, asante kwa kazi, kwa ukali, na kwa likizo ambazo bado tunazisimulia. Pumzika kwa amani ya moyo na afya njema, Mungu akutunze. Na yeyote anayejua lori linaloelekea Lugarawa wiki hii, tunamwomba asiwe na haraka ya kusema.