Sindano Aliyoambiwa Asichome

Benchi lenyewe ni mlango mkuukuu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya chumba cha Dobi, pale ambapo mvuke wa pasi hutoka dirishani ukakutana na mvuke wa kahawa. Kila alasiri Dobi hupiga pasi mlango ukiwa wazi ili asipitwe na neno. Nje hukaa Betri, fundi redio, na Wakili, ambaye darasa la sheria hajalikanyaga ila aliwahi kushinda ugomvi wa mtaro na jirani, jina likamganda. Wa nne alikuwa Karani, mwandishi wa barua mstaafu. Ukimtajia jambo lolote la mtaani alikupa siku, tarehe na nani alivaa nini. Karani alikwenda hospitali kutolewa mawe kwenye nyongo. Alirudi baada ya mwezi, hata jina la binti yake halijui.

Siku hiyo Wakili alikuja na karatasi.

— Nimemaliza kila kitu, alisema. Daktari wa usingizi alizidisha dawa. Mwenyewe kasichana tu, juzi katoka chuo. Tunatia saini watatu, barua inakwenda kwa wakubwa wake, kazi hana.

— Si dawa bwana, ni umeme, Betri akadakia. Wanakubandika nyaya kifuani. Umeme ukiyumba kidogo tu, kichwa kinafutika kama kanda iliyowekwa karibu na sumaku.

— Kichwa cha mtu si kanda.

— Cha Karani kilikuwa kanda! Si alirekodi mtaa mzima?

— Sikilizeni niliyoyasikia mimi, Wakili alisema akivuta kikombe. Ukishachomwa ile dawa unaambiwa uhesabu kurudi nyuma. Kumi, tisa, nane. Ukipitiwa katikati, akili inabaki palepale njiani inangoja namba yake.

— Ala! Ndiyo maana jana nilimwamkia akanijibu "saba"?

— Alikujibu "salama", wewe.

— Ulimi mzito. Mimi nilisikia saba.

Walicheka, kisha kicheko kikawafia mdomoni. Dobi hakucheka. Alikuwa ameirudia kola moja ya shati mara ya nne.

— Dobi, njoo, Wakili aliita. Saini yako ndiyo yenye uzito. Wewe ndiye uliyempeleka, ulikuwa naye mpaka mlangoni.

— Sitii saini.

— Husikitiki?

Dobi alisimamisha pasi wima. Siku arobaini na moja alikuwa amelibeba jambo hili, akila nalo, akilala nalo. Alitoka, akakaa mwisho wa benchi, mikono katikati ya magoti.

— Mnajua Karani alikuwa na sukari, alianza. Miaka kumi na mmoja anachoma insulini kila asubuhi.

— Nani asiyejua?

— Nesi alimpa maagizo kwenye karatasi. Kuanzia usiku asile. Asubuhi asichome sindano, watampima wenyewe kulekule ndipo waamue. Nilipomfuata alfajiri nilimkuta anaisoma kwa sauti. Mnamjua alivyo na makaratasi. "Imeandikwa nisichome."

Betri akamsogezea kikombe, hakukigusa.

— Nikamwambia achome.

— Wewe? Kwa nini?

— Mama yangu aliruka sindano siku mbili tu, tulikuwa safarini kwenda msibani. Tulimrudisha hajitambui, na hakujitambua tena. Tangu hapo nikisikia mtu anaambiwa asichome, mwili wote unanisisimka. Nikamwambia, karatasi haina sukari, mwenye sukari ni wewe. Akacheka. Akachoma tumboni, kipimo kilekile cha siku zote. Na tumbo halina kitu.

Wakili aliikunja karatasi yake mara mbili, bila kujua anakunja.

— Lakini si walimpima?

— Walimpima tulipofika, sukari ilikuwa sawa. Sindano ilikuwa haijaanza kazi. Yule daktari wa usingizi akaja, akamshika mkono, akamuuliza, "Baba, umechoma insulini leo?" Karani akanitazama. Miezi minne aliingoja siku ile, aliogopa kurudishwa nyumbani. Akasema hapana. Nami niko hapo, nimeshika viatu vyake.

— Wee Dobi...

— Kisha akaletwa mama mjamzito hali mbaya, akapewa nafasi yake. Tukangoja muda wa karibu saa tatu. Alipoingia alikuwa ananyamazanyamaza. Nikadhani ni woga.

Mtu aliye macho, sukari ikimshuka hutetemeka, hulowa jasho, huomba kitu kitamu. Aliyelazwa usingizi haombi. Walipompima tena mezani ilikuwa imefika chini kabisa. Walimtilia maji ya sukari mshipani, wakahangaika naye, wakauokoa moyo, lakini ubongo ulikuwa umeshaumia. Alifumbua macho siku ya tisa. Yaliyotokea mezani, daktari wa usingizi mwenyewe alitoka siku ileile kuwaeleza Dobi na binti, bado amevaa kofia ya kitambaa.

— Akatuuliza, Dobi aliendelea, "Kuna aliyemwona akichoma asubuhi?" Binti akasema hapana, baba hawezi kwenda kinyume na karatasi. Akanigeukia mimi. Nikasema sijui.

— Na daktari?

— Alikwenda akaegemea ukuta, akalia. Nilimwona. Analia kosa asilolijua, mimi ninalijua.

Betri, ambaye hakosi neno, alikuwa akikwangua kikombe kwa ukucha.

— Ulimtakia mema, ndugu yangu, alisema mwishowe.

— Hilo nimejiambia kila siku. Halimrudishi.

— Binti anajua?

— Leo namwambia. Kisha kesho naenda kwa yule daktari.

— Huna haja ya kwenda mbali, Wakili alinong'ona. Wanakuja.

Binti alikuwa amemshika baba yake kiwiko, wakikata kona polepole. Karani alikuwa amenyolewa vizuri, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alipowafikia alisimama kama mgeni aliyefika nyumba ya watu.

— Hamjambo mabwana. Naweza kukaa hapa?

— Kaa, kaa mzee mwenzangu, Betri aliruka kumpisha.

Alikaa kati ya Wakili na Dobi. Aliwatazama mmoja mmoja, kwa adabu.

— Samahani, naona nimewakatiza. Mlikuwa mnazungumza habari za nani?

Wakili alikohoa.

— Rafiki yetu mmoja. Alifanyiwa upasuaji.

— Maskini. Mlikuwa mnapendana?

— Sana, alisema Dobi.

— Poleni, Karani alisema, akaweka kiganja chake juu ya goti la Dobi, kama mtu anavyomfariji asiyemjua. Na sasa, amepona?

Wakili alimtazama Betri. Betri alimtazama Dobi. Binti naye aliyainua macho kutoka kwa baba yake, akamwangalia Dobi, akingoja.

Karani alidhani hawakumsikia. Akainama kidogo, akauliza tena, taratibu zaidi:

— Amepona?