Toba ya Mzee Sulle

Pale Katesh, ukishaipita stendi, kuna benchi la mbao lililoegemea ukuta wa duka la spea, na kila asubuhi Hasani hutua hapo na birika lake la kahawa kana kwamba ana barua ya ajira kutoka wizarani. Benchi hilo halina mwenyekiti, halina katiba, wala halina mtu aliyewahi kusema hajui. Ukitaka kujua mahindi yatauzwaje mwakani, utaambiwa. Ukitaka kujua kwa nini mke wa diwani amenuna, utaambiwa, tena na mtu asiyemfahamu hata huyo diwani. Asubuhi hiyo baridi ya mlimani ilikuwa imeshuka hadi kwenye vikombe, na macho yote yalikuwa ng'ambo ya barabara. Huko fundi Gidahosh wa kuchomelea alikuwa amelala chini ya pikapu ya Mzee Sulle, miguu ikiwa nje, akingoja benchi limwelekeze chuma akiweke upande gani.

Chuma chenyewe ni kile kinachofungwa nyuma ya gari, chenye kichwa cha duara, cha kushikia tela. Kizungu chake kina herufi za ziada, lakini kikishapita kwenye midomo ya mafundi wa Katesh kinabaki kuwa "toba". "Gari hii ina toba?" wanaulizana mchana kutwa, na hakuna anayemkumbuka padri.

Mzee Sulle, mkulima wa ngano na alizeti kutoka Balangdalalu, hakuwa na shida na tela. Shida yake ilikuwa mtoto. Renatus aliichukua pikapu hiyohiyo siku moja bila ruhusa, akaitumbukiza korongoni, na baba yake akasema maneno ambayo mtu huyasema akiwa amekasirika, kwamba asimwone tena pale nyumbani. Kijana ambaye maisha yake yote hakuwahi kutii jambo lolote, hilo akalitii. Akawa utingo, kisha dereva wa malori makubwa ya Zambia na Kongo, na miaka ikapita bila hata salamu. Sasa, wiki iliyopita, alikuwa ametuma ujumbe wa sauti kwenye Wasapu. Mzee Sulle alitaka mtoto wake arudi. Alichoomba kijana kiwepo, asije akapata sababu ya kugeuza njiani.

— Hebu tusikilize tena, alisema Maximilian.

Maximilian anaitwa Kimataifa. Aliwahi kuwa utingo wa malori na anadai amefika nchi saba. Wanaomfahamu wanasema alifika Namanga, akaiona Kenya kwa ng'ambo, akarudi.

Mzee Sulle hakusubiri kubembelezwa. Alibonyeza simu, akaiweka katikati ya benchi, na sauti ya Renatus ikatoka ikishindana na ngurumo ya injini.

"Shikamoo baba. Ni mimi, Renatus. Niko kwenye foleni hapa mpakani Kasumbalesa. Nimekaa, nimefikiria sana. Nikija nyumbani, baba, nataka toba kwanza. Mengine baadaye. Kama haipo niambie tu, nisije nikahangaika bure."

— Mmesikia? alisema Kimataifa. Toba kwanza. Huyo ndiye dereva. Mwingine angesema amekumbuka maziwa mgando.

— Na hayo mengine baadaye ni nini? aliuliza Mudathir.

— Ni tela, bwana! Mengine gani tena yanafuata toba?

Mudathir ndiye mwenye duka la spea, na jina lake la benchini ni Japani, kwa sababu kila spea anayouza ni ya Japani, hata ile ambayo boksi lake limeandikwa kwa lugha ambayo Wajapani wenyewe wangeomba mkalimani.

— Sasa tatizo liko hapa, aliendelea Kimataifa, akageuza kikombe kama usukani. Kongo wanaendesha kulia. Tela la Kongo limezoea kulia tangu limezaliwa. Ukilifungia toba kushoto litakuvuta hadi mtaroni.

— Pikapu ni ya Japani, na Japani wanaendesha kushoto kama sisi, alisema Mudathir. Toba inafuata gari.

— Toba inafuata tela.

— Tela ndilo linafuata gari, Kimataifa! Lina kazi gani nyingine?

— Wewe umefika Kongo?

— Na wewe umefika Japani?

Kutoka chini ya pikapu Gidahosh alipiga kelele kwamba umeme ukikatika asilaumiwe mtu. Mwanzoni mwa wiki chuma kilikuwa kulia. Benchi likakaa kikao, chuma kikakatwa. Leo kilikuwa kimeshikizwa kushoto kwa muda, na nyuma ya ile pikapu palikuwa na makovu mengi kuliko siku ilipotolewa korongoni. Mzee Sulle alitazama cheche. Wangemwambia toba inafungwa juu ya paa, angepanda mwenyewe na nyundo, ilimradi Renatus aje.

— Halafu si tela tu, alisema Kimataifa. Na kijana mwenyewe itabidi afundishwe upya. Mtu akishaendesha nchi za watu kichwa kinageuka. Hebu niambieni, huku kwetu lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kushoto, lina maana gani?

— Pita, mbele ni peupe, alisema Hasani.

— Na ya kulia?

— Tulia, kuna gari linakuja.

— Haya. Sasa Zambia, mtu akiwasha ya kulia, ujue anakata kulia.

Benchi liliipima habari hiyo.

— Yaani anawasha kulia, aliuliza Hasani, halafu kweli anakwenda kulia?

— Kweli kabisa. Nimeona kwa macho yangu.

— Hao watu hawana siri kabisa.

— Na taa kubwa? aliuliza Mudathir. Huku mwenzako akikuwashia mara mbili unajua trafiki wako mbele, unafunga mkanda, unakuwa mtu mwema.

— Ulaya ukiwashiwa hivyo wanakuambia karibu, tangulia wewe.

— Halafu ukatangulie ukakamatwe bila taarifa? Ustaarabu gani huo?

— Na gari likiwaharibikia, wanakata matawi ya mti gani wa kuweka barabarani? aliuliza Hasani.

— Hawakati matawi. Wanaweka kipembetatu chekundu.

— Sasa dereva anayekuja atajuaje kama ni gari bovu au ni somo la hesabu?

Mzee Sulle alicheka hapo, kidogo. Alikuwa anamwona Renatus usiku kwenye barabara hizo za watu wasio na siri, amepoteza maana ya taa zote alizolelewa nazo.

— Mimi nawaambia ukweli, alisema Mudathir, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya serikali. Hilo si tela la mizigo. Wazungu wana nyumba ambayo inavutwa na gari. Ina kitanda, ina jiko, ina mpaka choo. Renatus amejenga.

— Amejenga wapi?

— Barabarani! Nyumba haina kiwanja, haina mgogoro wa mpaka, jirani akikuudhi unavuta. Ndiyo maana anataka toba kwanza. Hataki kulala kwa mtu.

— Na mke yumo humo humo ndani, alisema Kimataifa, ambaye hawezi kuachwa nyuma. Mkongo. Na wakwe. Na katikati ya kuta amejaza shaba, polisi wasijue. Mnadhani wale vijana waliokuja na vigingi kupima barabara ya Balangdalalu walitumwa na nani?

— Na Renatus?

— Mimi sijasema. Umesema wewe.

Yote hayo yalimpita Mzee Sulle isipokuwa moja. Hataki kulala kwa mtu. Hilo lilimchoma. Mama yake Renatus alikuwa ameshaanika mablanketi ya chumba cha kijana, na yeye mwenyewe alikuwa amepaka chokaa ukuta, akajifanya anaua mchwa.

Wakati huo akafika mama mmoja na kikapu chenye kuku wawili, akatua mzigo pembeni.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, karibu mama.

Alisema anaitwa Letisia, ametoka Masieda jana, anasubiri gari ya Singida, na kama kahawa ipo angeomba kikombe. Hasani akammiminia. Akanywa taratibu huku akisikiliza, na aliposikia wakwe wanapika ndani ya nyumba inayotembea akauliza kwa adabu kinachozungumzwa ni nini. Wakamweleza wote kwa pamoja, yaani hakueleweshwa na yeyote. Mwishowe Mzee Sulle mwenyewe alibonyeza simu, kijana wa watu akaongea tena kutoka Kasumbalesa.

Letisia alisikiliza hadi mwisho. Akamtazama Kimataifa, akamtazama Mudathir.

— Na tela kalitaja wapi?

— Kalitaja, alisema Kimataifa.

— Wapi?

— Ndani kwa ndani.

— Rudisheni nisikie.

Wakarudisha. Injini ikanguruma, salamu ikapita, foleni ikapita, toba ikapita. Tela halikupita. Kimataifa aliinamia simu kana kwamba tela lingeweza kuwa limejificha nyuma yake. Mudathir alisema labda mtandao umelimeza.

— Mnisamehe wazee wangu, alisema Letisia. Labda ninyi huku mjini toba ni ya gari. Sisi kwetu mtu akisema anataka toba kwanza, basi kuna mahali amekosa.

Mzee Sulle alishika simu yake bila kuibonyeza. Hakuhitaji tena kusikia. Ile sauti nzito aliyoidhania kuwa vumbi la safari, kila siku akiwaambia watu kwamba kijana amepata mafua ya Kongo, ilikuwa sauti ya mtu anayezuia kulia. Na yeye alikuwa ameipigisha kwenye benchi wiki nzima, watu wakinywea kahawa. Lile kosa la korongo alikuwa amelisahau. Siku hizi alikuwa analihadithia hapahapa kama kichekesho, anaonyesha kwa mikono pikapu ilivyolala magurudumu juu. Haikumjia akilini kwamba kuna mtu analibeba hadi Kongo na kurudi nalo. Aliona aibu, tena aibu ya kweli.

— Mzee, aliuliza Hasani polepole, wewe ulimjibu nini?

Aliyeandika jibu alikuwa Mudathir, kwa sababu macho ya Mzee Sulle na herufi ndogo havielewani. Mudathir aligundua kwamba kikombe chake kina jambo la kutazamwa. Letisia akachukua simu, akasoma kwa sauti:

"Mwanangu toba ipo kwa fundi. Ilikuwa kulia tumeikata. Ikikaa sawa tutapiga rangi ndipo uje."

Tangu siku hiyo Renatus hakuwa amejibu. Benchi lilikuwa limeshaeleza ukimya huo vizuri sana, kwamba mpakani mtandao ni wa shida na minara ya Kongo inaelekea kulia.

— Mpigie, alisema Letisia.

Mzee Sulle akapiga. Simu iliita muda mrefu, sauti ikiwa wazi kwa wote kwa sababu mwenyewe hajui kuizima. Hata Gidahosh alikuwa amevuka barabara, chuma mkononi, miwani ya kuchomelea kichwani, akafungua mdomo kuuliza kulia au kushoto. Hasani akamkanyaga mguu.

— Shikamoo baba.

— Marahaba. Uko wapi?

— Bado niko mpakani huku. Foleni haisogei. Baba, ule ujumbe wako nimewaonyesha madereva wote. Hakuna aliyeuelewa. Kuna Mzambia mmoja ameokoka, yeye anasema ni unabii. Huyo fundi, baba, ndiye padri mpya?

Benchi zima liliuma midomo. Kimataifa alitazama mlima.

— Renatus.

— Naam baba.

— Lile gari lilishatoka korongoni zamani.

Upande wa pili injini zilinguruma, honi ikalia, mtu akatukana kwa lugha ambayo Kimataifa, mwenye nchi saba, hakuitambua. Zilisikika tu pumzi za Renatus.

— Nilitaka nije nipige magoti kwanza, baba, alisema mwishowe. Ndiyo nikauliza kama ipo. Uliposema mpaka ipigwe rangi, nikaona bado umekasirika.

— Mimi nilidhani... Mzee Sulle alitazama chuma mkononi mwa Gidahosh, akakitafutia maelezo, akakosa. Mama yako ameanika mablanketi. Unasikia?

— Nasikia.

— Basi toba haina haja. Njoo hivyo hivyo.