Daraja Limekatazwa, Barafu Haikukatazwa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Gail Rademacher, Mwakilishi wetu katika Bunge la Jimbo;
Bwana Roland Sather, Mwenyekiti wa Baraza la Mji wa Alder Bend, pamoja na wajumbe wako;
Wafanyakazi wetu wa barabara na maji;
Mama Marlys Thielke, mjane wa marehemu;
Majirani wote mliosimama hapa na makoti yenu:

Sisi mama, wake na dada wa wafanyakazi wa mji huu tunakusalimu. Tumepewa nafasi ndogo kati ya sala ya mchungaji na kukata utepe. Bwana Mwenyekiti alitushauri tuseme shukrani tu, mengine yatasemwa siku nyingine. Shukrani tumeziweka mwanzoni, zisije zikasahaulika.

Anayesoma ni mimi, Verna Ostby, mama yake Darrell, dereva wa gari la kusukuma theluji. Shule yangu iliishia ya msingi. Ukisikia sentensi imepinda, hiyo ni yangu. Mambo yenyewe tuliyakubaliana wote, jikoni kwa Marlys.

KUKUKARIBISHA

Karibu sana, Mheshimiwa. Karibu kwenye karakana mpya. Sakafu ina joto, milango inajifungua yenyewe, na wanaume wetu hawatalala tena chini ya magari na migongo yao kwenye barafu. Fedha yake ilitoka serikalini kwa ajili ya korona na wewe ndiye uliyetupigania. Asante. Baada ya hapa kuna kahawa, maandazi ya mdalasini, na viazi vya jibini vilivyopikwa na akina mama wa kanisa.

Tunajua umekuja kwa daraja, maana barabara nzuri ya kutoka makao makuu ya jimbo hupita ng'ambo ya mto. Umetoka jimbo letu, ukaingia la jirani, ukarudi kwetu. Hatukulaumu, hakuna njia nyingine ya maana. Ila ujue kwamba mfanyakazi wetu akifanya hivyo hivyo anaitwa msafiri.

TULIKOTOKA

Mji wetu ni nusu mji. Huku tuna nyumba zetu, ofisi, shule, na mnara wa maji. Ng'ambo kuna duka la mkate, daktari, hospitali ya kujifungulia, nyumba ya wazee, kanisa la Kilutheri na makaburi yake. Tunazaliwa ng'ambo, tunaishi huku, tunazikwa ng'ambo. Mpaka wa majimbo unapita katikati ya maji, na tangu zamani hakuna aliyeujali isipokuwa wanaouza leseni za uvuvi.

Hapa mto ni mpana kama ziwa na majira ya baridi unaganda. Wanaume hukokota vibanda vyao hadi katikati, wakatoboa barafu kwa kekee, wakavua. Krismasi ikipita, wafanyakazi wa mji huzunguka nyumba kwa nyumba kuokota miti ya Krismasi iliyotupwa, kisha huichomeka kwenye barafu mstari mmoja, kutoka kwetu hadi ng'ambo. Ule mstari ndio njia. Hata theluji ikivuma usione kiganja chako, ukiishika miti utafika. Watoto wetu wanajua kuifuata miti kabla hawajajua kusoma.

Ndipo korona ikaja. Hatuibezi, Mheshimiwa. Ilichukua watu wetu, na wengine wetu hapa hatujapata pumzi zetu sawasawa mpaka leo. Baraza likakaa kutunga kanuni ya safari na likizo. Mfanyakazi akitoka nje ya jimbo, akirudi akae nyumbani wiki mbili, na wiki hizo zitolewe kwenye likizo yake. Likizo ikiisha, akae bila mshahara.

Tulikuwepo siku ile, tumekaa mbalimbali na barakoa zetu. Mjumbe Connie Wruck, Mungu amweke, akauliza, "Jamani, kuvuka daraja kununua mkate nako ni safari?"

Bwana Mwenyekiti akajibu, "Jimbo ni jimbo, Connie. Leo utaruhusu mkate, kesho mtu atatuambia alikwenda Las Vegas kununua siagi."

Watu wakacheka. Na sisi tulicheka.

"Na sisi wajumbe je?" akauliza Connie.

"Sisi si waajiriwa. Sisi tumechaguliwa."

Nyuma kabisa akasimama Orrin Thielke, fundi wa maji, mtu wa maskhara siku zote. Akasema, "Kwa hiyo hii korona, Mwenyekiti, ikifika mlangoni inaomba kwanza kuona karatasi za kura?"

Hapo kicheko kikawa kikubwa mpaka nyundo ikagongwa mezani. Kisha wakapiga kura. Ikapita. Januari yake Bwana Mwenyekiti aliendesha kikao kwa simu kutoka kwenye nyumba yake ya Florida, na tukawasikia ndege wa nchi ya joto wakiimba nyuma yake wakati anatuhimiza tusitoketoke. Mkuki kwa nguruwe, Mheshimiwa. Mwisho wake unaujua.

TULIYOYAFANIKISHA

Kwa kipindi chote hicho barabara hazikufungwa hata asubuhi moja. Maji hayakukatika. Wanaume wetu walisukuma theluji mpaka kwenye ngazi za wagonjwa. Wajane waliletewa kuni. Hayo ndiyo mafanikio, na kwa aliyeyatenda yamo kwenye miguu yake, hayahitaji kusomwa.

YANAYOTUSIBU

Hapa tuvumilie kidogo.

Orrin alikuwa na mama yake, Bi Alma, katika nyumba ya wazee ng'ambo. Wageni hawakuruhusiwa kuingia, kama kote. Ila chumba chake kilikuwa chini, na dirisha linatazama mto. Unasimama nje kwenye theluji, unaweka kiganja kwenye kioo, naye anaweka chake. Bi Alma alikuwa ameshasahau majina yote, la mwanawe pia. Kile kiganja hakukisahau.

Desemba ile ya kwanza, siku ya kuzaliwa ya mama yake, Orrin alivuka daraja akasimama dirishani. Kesho yake akaenda ofisini mwenyewe, akasema, "Nimevuka. Nilikaa nje, sikumgusa mtu."

Akajibiwa, "Tunashukuru kwa uaminifu wako, Orrin. Nenda nyumbani."

Likizo yake ikaliwa, ikaisha. Wiki hiyo hiyo wenzake wengine walivuka kwenda kununua bia, wakanyamaza, wakaendelea na kazi. Siwataji, wamesimama hapa na mashavu mekundu. Sote tukajifunza somo, na halikuwa somo la afya. Tulijifunza kwamba msema kweli hufungiwa nyumbani na mnyamavu hulipwa.

Baada ya wiki hiyo watu wakaanza kuchongeana, na kuvuka daraja kwa siri hakukuwezekana tena. Hakuwekwa mlinzi, na hakuhitajika. Pale darajani pana mgahawa wa nduguye Mwenyekiti, na hapa mjini gari la mtu linajulikana kwa mlango wake uliobonyea kuliko kwa namba yake. Lakini mtu akishuka mtoni na ndoo na kekee ni mvuvi, na nani amuulize mvuvi anaelekea jimbo gani? Basi Orrin akawa mvuvi. Kila Jumapili alishuka na ndoo, akaifuata miti mpaka ng'ambo, akaweka kiganja kwenye kioo, akarudi. Hakuwahi kurudi na samaki. Marlys alimtania, "Leo tena umewaacha wanakua?"

Machi ikafika, na upepo wa joto juma zima. Sheria ya mto inataka vibanda viondolewe mapema mwezi huo, na viliondolewa. Miti haina sheria. Huachwa pale pale izame yenyewe barafu ikiyeyuka. Barafu huoza kwa chini, Mheshimiwa. Juu inabaki nyeupe, na mti uliochomekwa Januari unaendelea kusimama, haujui kilichotokea chini ya shina lake. Orrin aliufuata mstari alioupanda kwa mikono yake. Alifika. Muuguzi alimwona dirishani. Wakati wa kurudi hakufika.

Waliomtoa majini ni wenzake, na mwanangu Darrell ndiye aliyefunga kamba. Ndoo ilikuwa bado imekaa juu ya barafu, kishikio chake wima.

Baraza likatoa tangazo kwamba marehemu hakuwa kazini. Mazishi yakawa ng'ambo, kwa sababu makaburi yako ng'ambo. Na kanuni ilikuwepo. Aliyebeba jeneza kuvuka daraja angekaa nyumbani wiki mbili, na theluji ya mwisho ilikuwa inatabiriwa. Wenzake wakaomba ruhusa ya siku hiyo moja. Wakaambiwa, tukifungua mlango kwa mmoja tutafungua kwa wote. Basi wakapanga magari yao ya theluji mpaka mwanzo wa daraja, taa zikizunguka, yale makoleo makubwa ya mbele wameyainua juu kama watu waliovua kofia. Gari la maiti likapita katikati yao, likavuka peke yake. Jeneza lilibebwa na wafanyakazi wa nyumba ya maiti, watu wasiomjua.

Hayo yamepita. Nisingeyarudia leo kwenye sherehe kama yangekuwa yamepita kweli.

Kanuni ile ililala kiangazi. Krismasi hii, wimbi jipya lilipokuja, ikarudishwa kwa muda, na leo, baada ya viazi vya jibini, inapigiwa kura iwe ya kudumu. Na mke wa Darrell wangu, Kayla, ana mimba ya mwezi huu huu. Hospitali iko ng'ambo. Januari Darrell alimpeleka kwa daktari kwa njia ya daraja, akasema kweli, likizo ikaliwa yote. Connie akauliza barazani kama kujifungua kutasamehewa. Bwana Mwenyekiti, nayasema maneno yako kama yalivyo, usikasirike: "Mtoto si dharura. Dharura haitoi taarifa miezi tisa kabla."

Wiki iliyopita nilimuuliza mwanangu mezani.

"Mama, usianze."

"Sijaanza. Nauliza tu, siku ikifika itakuwaje?"

"Kayla atapelekwa na dada yake, kwa daraja. Mimi nitafuata."

"Utafuata kwa wapi?"

Akanywa kahawa. "Barafu bado ipo, Mama. Miti imesimama."

"Hata ya Orrin ilikuwa imesimama."

"Orrin alikuwa mzito," akasema, akijaribu kucheka. Kayla akaondoka mezani, na kiti chake kikabaki kimegeukia mlango.

Sikumkaripia. Mwanangu si mjinga. Amepimiwa vitu viwili: kukaa bila mshahara mwezi anaopata mtoto, au kutembea juu ya maji. Kijana wa miaka yake ataamini miguu yake. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi nimeshauanza kabla ya msiba. Silali. Nikisikia barafu inapasuka mtoni, inapolia kama mlango mkubwa, naamka nikatazame viatu vyake kama vipo mlangoni.

OMBI LETU

Tulitaka kuandika maombi mengi, taa za barabarani na mengineyo. Tumeyafuta. Ombi ni moja.

Ukishika mkasi, usikate kwanza. Wageukie wajumbe, wote wako mstari wa mbele, uwaulize mbele yetu kama daraja letu ni safari. Wewe huna kura hapa, tunajua. Lakini karakana hii imejengwa kwa mkono wako, na mkono uliotoa unaweza kuuliza. Watu wakae nyumbani wakiugua, wapimwe, wavae barakoa. Tutavaa. Ila asiadhibiwe anayesema kweli, na kanuni iwabane waliochaguliwa kama inavyowabana walioajiriwa.

Juu ya mlango huu kuna kitambaa cha buluu, na wewe umealikwa kukivuta. Chini yake wameandika karakana hii ni ya kumbukumbu ya Orrin Thielke. Marlys amenipa maneno yake niyasome kama yalivyo: "Hawakumpa siku moja ya kumwona mama yake, leo wanampa ukuta mzima. Kitambaa kibaki hapo mpaka daraja lifunguliwe. Nyumba itakayopiga kura ya kumuua mwingine isivae jina la mume wangu."

Neno la mwisho. Hapo mlangoni ulipoingilia kuna miti mikavu imeegemezwa ukutani. Bwana Mwenyekiti ameiona asubuhi hii akatusifu kwa mapambo. Si mapambo. Jumapili baada ya ibada tulishuka mtoni, sisi wanawake, tumefungana kamba kiunoni, tukaing'oa miti ya njia mmoja mmoja ili yeyote asiifuate. Tulifika mahali barafu ilipobadilika rangi, tukarudi. Ile ya katikati hatukuthubutu. Ukitazama kupitia mlango huu utaiona. Imesimama wima kabisa, na ukiwa mgeni utadhani ni njia.

Mungu aibariki kazi yako na wote wa nyumbani kwako. Abariki mtoto anayekuja, na amkute baba yake. Nawe akurudishe salama, Mheshimiwa, kwa njia ya daraja, wewe unayeruhusiwa.

Ni sisi,
Mama, Wake na Dada wa Wafanyakazi wa Mji wa Alder Bend