Bahasha Iliyokwama Nyumbani Kwetu

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo; Mheshimiwa Mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake Waliosoma Hapa; walimu mlio kazini na mliostaafu; wageni mlioacha shughuli zenu za Jumamosi kuja kukaa nasi; na nyinyi mama zangu kumi na mmoja wa darasa la mama, pamoja na yule aliyenizaa: shikamooni nyote kwa mkupuo, maana nikianza kusalimia mmoja mmoja hatutafika kwenye chakula.

Kila mwaka mnapokutana, mtoto wa darasa aliyemaliza shule husimama kuwashukuru kwa niaba ya wenzake. Mwaka huu aliyemaliza ni mimi peke yangu, kwa hiyo hakukuwa na wa kumsukumia. Mama mkunga, ambaye ndiye kiongozi wa darasa lenu, aliponipigia simu nilimwambia, "Mama, mimi sijui kuongea mbele za watu." Akanijibu, "Hata watoto ninaowazalisha hawajui, lakini wakitoka tu wanasikika mpaka mtaa wa pili. Jiandae."

Nimejiandaa. Shukrani ninazo na nitazitoa. Ila kuna jambo lazima nilitangulize, na mama amenipa ruhusa niliseme. Yupo, amekaa kiti cha mwisho karibu na mlango.

Wageni wetu huenda hawajui habari ya bahasha. Mama zangu hawa walipomaliza chuo, waliwekeana utaratibu wa bahasha moja kubwa ya kaki yenye barua kumi na mbili. Ikikufikia unasoma barua za wenzako wote, unatoa ile yako ya mzunguko uliopita, unaweka mpya, kisha unaipeleka kwa anayekufuata kwenye orodha. Bahasha zenyewe zimechakaa na kubadilishwa mara nne, lakini orodha ni ileile. Simu zilikuja, makundi ya kutumiana ujumbe yakaja, na bado hamkuiacha. Kwa njia hiyo mlijua nani kajifungua mapacha na nani kapewa idara. Sisi watoto tulijua kwamba siku bahasha ikifika, mama haguswi mpaka amalize kusoma.

Miaka miwili na nusu iliyopita, bahasha ikapotea. Mama mkunga alikuwa ameipeleka kwa mama. Alipomuuliza, mama alisema ameshaipitisha kwa anayemfuata, yaani mwalimu mkuu, yule mliyekuwa mkimwita Kengele kwa sababu ndiye aliyekuwa akiwaamsha bwenini. Mwalimu mkuu akasema hajaiona. Kisha mkakutana hapa, kwenye ukumbi huuhuu, na mmoja wenu akatania, "Kengele kazoea kunyang'anya wanafunzi simu, sasa kahamia kwenye bahasha!" Ukumbi mzima ukacheka. Mama naye alicheka. Mwaka jana mwalimu mkuu hakuja.

Mama zangu, bahasha haikupotea. Ilikuwa kwetu, kwenye droo ya cherehani, chini ya pakiti za zipu.

Niliiona mwezi uliopita. Mama alikuwa anashona sketi za shule, akaniambia nimpe zipu ya bluu. Nikavuta droo mpaka mwisho, na mkono wangu ukashika karatasi nene.

"Mama, hii si ile bahasha ya mwalimu mkuu?"

Hakusimamisha cherehani. "Irudishe."

"Lakini ulisema..."

"Najua nilichosema. Irudishe, nipe zipu."

Nikampa. Akaishona, ikakaa upande. Wanaomjua mama wanajua kwamba hashoni kitu kikakaa upande. Akaifumua, akaishona tena, ikakaa upande tena. Ndipo akaondoa mguu kwenye pedali, akasema, bila kuniangalia, "Nilitaka kuandika kesho yake. Halafu kesho yake tena. Halafu mkunga akaniuliza, nikasikia mdomo wangu unasema nimeshapeleka."

Mnakumbuka kwamba hapa chuoni mlimwita Mizani, kwa sababu hakuna aliyepima kitu maabara akamzidi. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akipima maji ya mji wetu. Mkifungua bomba mkanywa bila wasiwasi, mkono wake ulikuwamo. Bahasha ilipofika, maabara ilikuwa imefungwa wiki tatu kabla, na wafanyakazi wote wamerudishwa nyumbani. Alikaa mezani akasoma barua kumi na moja. Nimepandishwa cheo. Tumehamia nyumba mpya. Mwanangu wa kwanza kaongoza mkoa. Halafu akachukua kalamu. Kwenye droo ile, pamoja na bahasha, nilikuta karatasi tisa zilizoanza "Wapendwa, mimi sijambo," na nane kati ya hizo zikaishia hapohapo. Ya tisa ilikuwa na maneno mengine matatu, "siku hizi nimejiajiri," nayo yamekatwa kwa mistari miwili.

Simtetei. Wakati yeye anaificha bahasha, kuna mtu aliyechekwa kwa kosa ambalo hakulifanya. Ninasema tu mlijue lilivyokuwa, kwa kuwa nimeishi nalo nyumba moja na sikuliona.

Nami nina la kukiri: nilizisoma barua zenu, na ninaomba radhi. Nilipomaliza nikajiuliza swali, na leo nawauliza nyinyi. Watu kumi na mmoja, mwaka mzima, hakuna hata mmoja aliyekuwa na mwaka mbaya? Hata mwezi mmoja? Nilimuuliza mama mkunga, kwa kuwa yeye simwogopi sana kama wengine. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi niliandika kwamba baba watoto yuko masomoni. Masomo gani miaka mitano? Alihama. Liseme hilo ukumbini, na ulisome kwa sauti, nimechoka kumsomesha." Nimelisema, mama.

Nilimwambia mama kwamba siwezi kusimama hapa nikawashukuru kwa bahasha huku najua ilipo, maana huo ungekuwa uongo wa pili, na safari hii ungekuwa wangu. Siku ya tatu nikamkuta amevaa gauni lake la kutokea, bahasha iko mkononi. "Twende," akasema. "Usiniache nirudi njiani."

Tulimkuta mwalimu mkuu ofisini kwake anasahihisha ratiba. Mama alikataa kiti. Alisema yote akiwa amesimama, kwa haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Mwalimu mkuu alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Mizani," akasema, "nilipekua nyumba yangu. Nilipekua hata mizigo ya mama mkwe wangu. Nilianza kujiuliza kama akili yangu imeanza kuondoka."

"Nisamehe, Kengele."

"Hapa sitaki. Hapa ofisini sikuchekwa. Nilichekwa ukumbini."

"Basi nitakuja kusema ukumbini."

"Wewe? Chuoni ulikuwa ukiulizwa jina lako unatazama viatu."

"Nitasema. Wewe njoo tu."

"Nitakuja kusikiliza," akasema mwalimu mkuu. "Sijaahidi zaidi ya hapo." Akarudi kwenye ratiba yake, nasi tukatoka.

Mwalimu mkuu, naomba niseme nawe moja kwa moja. Tangu nilipoanza kujua kusoma, kila barua yako ilikuwa na mstari wa mwisho usiokuwa wa mama. Ulikuwa wangu: "Mwambie binti afanye hesabu hii," kisha hesabu yenyewe. Watoto wengine waliletewa pipi. Mimi nilichukia sana hesabu zile, na ndizo zilizonifanya nijue kwamba huko mbali kuna mtu mzima anayesubiri jibu langu. Ndani ya bahasha iliyokwama kulikuwa na moja ambayo sikuwahi kuiona, ya mtoto wa miaka kumi na mitano. Nimeifanya wiki hii. Nimechelewa, na jibu sina hakika nalo, lakini kazi yote nimeionyesha.

Na nyinyi mama zangu wote, shukrani za watoto wa darasa ni hizi. Asanteni kwa kuandikiana. Asanteni kwa kutuuliza hali zetu mistari ya chini, pembeni mwa karatasi, nafasi ilipokuwa imebana. Tulikua tukidhani kila mtu ana mama kumi na wawili. Tunawaomba kitu kimoja tu: mzunguko ujao mtuandikie na miaka mibaya, ili sisi tunaoanza sasa, yetu ikitufika, tusifikirie kwamba tumeachwa nyuma peke yetu.

Barua mpya ya mama imo ndani ya bahasha. Aliiandika Jumanne, kurasa mbili na nusu, bila kukata neno. Sijaisoma, kwa kuwa haikuandikwa kwangu. Nawashukuru kwa masikio yenu na uvumilivu wenu. Neno la radhi silo langu kulitoa, wala jibu lake silo letu kulidai. Naomba ukumbi umpishe njia.

Mama, kipaza sauti hiki hapa. Njoo.