Mwalimu Sentanise Orelus na Shule ya Fon Mapou

Padri, wazazi wa shule, na majirani mliozunguka njia ya bondeni ili msikutane na wenye bunduki, familia inawashukuru kwa kufika, na kwa kuwa hatujui tutaachiwa muda gani, historia hii ni fupi.

Mama yetu, Sentanise Orelus, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Fon Mapou, mtoto wa tatu wa wakulima wa mahindi na mbaazi. Mwaka 1969 alipelekwa shule ya mjini, iliyofundisha kwa Kifaransa tu, lugha ambayo huku kwetu hakuna aliyeizungumza, na siku alipoomba kwenda chooni kwa Kikrioli, lugha yetu ya nyumbani, mwalimu alimpigisha magoti juu ya kokoto, akamchapa kwa mjeledi wa ngozi ya ng'ombe hadi ukampasua sikio la kushoto, ambalo halikusikia tena. Alivumilia hadi mwaka 1979, alipomaliza kidato cha tatu, akarudi nyumbani.

Mwaka 1982 alianza kuishi na Ilfrène Dorvil, mkulima na mpiga baragumu la kombe la baharini linaloita watu kwenye ujima, wakafunga ndoa kanisani tarehe 6 Februari 1988, wakajaliwa watoto watatu, Adlin, Wisly ambaye yuko Chile na anatusikiliza kwa simu, na Gerda.

Kazi ya ualimu aliianza Oktoba 1987, akiwafundisha watoto wa majirani kwa Kikrioli, kusoma, kuandika na hesabu kwa punje za mbaazi, na shule yenyewe ilijengwa kwa ujima, yaani watu wakimaliza kulima shamba la mwenzao na kula chakula chake, jioni walikwenda kuinua ukuta, kwa hiyo haikuwa na mwenyewe ila sisi sote. Mkuu wa sehemu, aliyetawala vijiji vyetu wakati ule, hakuipenda, alisema mkulima akishajua kusoma kwa lugha yake atataka kusoma na hati za mashamba, na hapo alisema kweli.

Asubuhi ya tarehe 23 Novemba 1993, Ilfrène aliwaona watu wa mkuu huyo wakipanda mlima na bunduki na madebe ya mafuta ya taa, akapuliza baragumu ili kina mama wakimbie na watoto. Lakini ulikuwa wakati wa palizi ya maharage, watu walikuwa wanausubiri mwito, wakadhani ni ujima, wakaja na majembe yao wakiimba, moja kwa moja hadi kwenye mitutu. Watu sita walipigwa risasi, Ilfrène alikatwakatwa kwa mapanga mlangoni mwa shule, shule ikachomwa, na Mama alikuwa mtaroni, amewalalia watoto, kiganja chake kikiwa mdomoni mwa Gerda asilie.

Baada ya mazishi, jirani yetu Klotid, aliyepoteza watoto wawili wa kiume siku ile, alimfuata Mama kisimani akamwambia, "Mumeo alituita tufe." Mama hakubishana naye, alichukua jembe akampalilia maharage yake, akarudi tena na tena hadi yakavunwa, na shule ilipoanza kujengwa upya, nguzo ya kwanza aliileta Klotid, ameibeba kichwani.

Kwa miaka thelathini iliyofuata Mama alifundisha hapo, akasomesha na walimu wanaofundisha leo. Tarehe 9 Aprili mwaka huu, 2025, vijana wenye silaha walikuja kuitaka shule iwe makazi yao, darasa la pili likiwa ndani, naye akasimama mlangoni.

"Bibi, shule gani hii ya Kikrioli?" mmoja akamcheka. "Kikrioli hata mbwa wangu anakijua."

"Basi mlete asome," Mama akamjibu, "maana wewe ulikosa nafasi."

Wenzake walicheka, na kwa kicheko hicho yule kijana alimpiga kwa kitako cha bunduki, kinywani, mbavuni, na alipoanguka akamkanyaga figo, huku watoto wakitorokea dirishani mmoja mmoja. Tulimbeba kitandani mabegani hadi hospitali, figo zikashindwa, akafariki tarehe 2 Mei.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliofanya kazi bila umeme, vijana waliobeba kitanda, majirani waliopika, na walimu wenzake. Jana kamati ya wazazi ilikaa uani kando ya jeneza, wengi wakataka shule ifungwe hadi watu hao watulie, na hakuna wa kuwalaumu, kila mmoja ana mtoto. Ndipo Klotid, ambaye sasa anatembelea mkongojo, alipouliza, "Watatulia lini? Mimi nina miaka themanini na moja, sijawahi kuwaona wametulia." Walipiga kura kwa kunyoosha mikono, na mikono ilitosha.

Jumatatu tarehe 12 shule inafunguliwa saa moja asubuhi, darasa la pili atalichukua Gerda, madawati waliyavunja wale wenye silaha kabla ya kuondoka, kwa hiyo kila mtoto aje na kiti, na wazazi wawili watakaa njiani kwa zamu.

Mama, umechoka, sasa lala kwa amani.