Tarehe Mbili za Marehemu Anselm Bernardo Masele

Mchungaji, wazee wa kanisa, viongozi wa kijiji, ndugu na majirani, shikamooni, na poleni kwa msiba. Mimi ni Alois Bernardo Masele, mdogo wake marehemu. Familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake kwa sababu, wanasema, nina sauti kubwa. Nitayasoma kama yalivyokuwa. Marehemu hakupenda kutiwa chumvi, na mimi sina nia ya kuanza leo akiwa hawezi kunijibu.

Marehemu Anselm alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1929 katika kijiji kimoja karibu na Ndala, wilaya ya Nzega. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Bernardo Masele na Pelagia Ngollo, wakulima na Wakatoliki. Jumapili iliyofuata alipelekwa kanisani akabatizwa, akalala usingizi ibada nzima. Babu yetu mzaa baba alikuwa mpagazi wa misafara. Alibeba mizigo hadi pwani, na aliporudi alikuwa na shuka mpya na jina jipya, akakataa kabisa kuitikia lile la zamani. Mama alikuwa akituambia kwamba jina lilibadilika lakini ukali ulibaki uleule.

Masomo aliyaanza mwaka 1938 katika shule ya misheni, akamaliza darasa la nane Tabora mjini mwaka 1947. Huko ndiko alikojifunza kupenda saa. Akija likizo alimwambia mama kwamba uji umechelewa kwa robo saa, na mama alimjibu kwamba uji hausomi saa, asubiri au akachote maji. Sisi wadogo zake tulicheka sana, naye alikwenda kuchota maji.

Mwaka 1948 aliajiriwa na Reli katika stesheni ya Igalula. Kazi yake ilikuwa kupokea treni, kugeuza njia na kuonyesha bendera. Aliifanya kwa miaka ishirini, na hakuna treni iliyopata ajali mikononi mwake. Naomba mlishike jambo moja kuhusu kazi ile, kwa sababu lilimwingia kaka yangu mpaka kwenye mifupa: treni ama imefika ama haijafika, na ikifika huandikwa saa. Hakuna treni iliyofika bila mtu kujua ni saa ngapi.

Jumapili tarehe 12 Agosti 1956, saa kumi na dakika tano jioni, marehemu aliokoka katika mkutano wa uamsho uliofanyika nyuma ya stesheni. Nimeitaja saa kwa sababu yeye aliitaja kila mara. Pombe aliiacha siku ileile, na mimi niliyekuwa nikinywa naye nilibaki bila mwenzangu. Ugomvi nao aliuacha. Akajiunga na Kanisa la Moravian na kikundi cha ndugu wa uamsho, na tangu hapo kila aliyekutana naye aliulizwa swali moja: "Ulizaliwa mara ya pili lini?" Alimwuliza hata mzee Humaidi mwenye duka pale Igalula. Mzee akamjibu, "Anselm, mimi Mwislamu, baba. Niulize bei ya sukari, hiyo ninaijua."

Mama yetu aliulizwa kuliko wote. Alijibu kwamba alizaliwa mara ya pili kwenye maji ya ubatizo, na sisi wanawe vilevile. Kaka alikataa. Alifungua Injili ya Yohana sura ya tatu, akamwonyesha kwamba Bwana alitaja maji na Roho, na Roho akimjia mtu, mtu huyo anajua, kama treni inavyojulikana ikiingia stesheni. "Maji ulipata, mama. Siku huna," alimwambia. Mchungaji wake mwenyewe alimwonya zaidi ya mara moja kwamba Kanisa halikumtuma kuuliza watu hivyo. Hakusikia. Alimpenda mama, kila mwezi alimpelekea sukari na mafuta ya taa, lakini alimhesabu kuwa nje ya mlango.

Jumamosi tarehe 4 Juni 1960 alifunga ndoa na Marcelina, binti wa Igalula, ambaye yuko hapa mbele yenu. Alikuwa ameapa hataoa mwanamke asiye na tarehe. Alipomwuliza, Marcelina alijibu bila kusita kwamba alizaliwa mara ya pili tarehe 3 Mei mwaka uliotangulia. Kaka alifurahi kama mtoto. Miaka mingi aliitaja tarehe hiyo katika mahubiri, kama mfano wa ushuhuda safi.

Mtoto wao wa kwanza, Sylvester, alizaliwa Februari 1962. Katika ukoo wetu, bibi mzaa baba ndiye humtoa mtoto nje mara ya kwanza, akamwonyesha jua na kumtajia jina lake. Mama alisafiri kutoka Ndala na kanga mpya ya kumbebea mjukuu. Wakati ule nchi ilikuwa imepata uhuru juzijuzi tu, na mama alifika na maneno yake: "Nchi imezaliwa Desemba tarehe tisa, tumeimba, tumecheza. Sasa ndiyo inajifunza kukaa." Alikuwa na furaha. Kisha kaka akamweleza kwamba mtoto atatolewa nje na dada mmoja wa kikundi, kwa sababu asiyezaliwa mara ya pili hawezi kumkaribisha mtoto katika nyumba ya waliozaliwa. Mama hakubishana. Alikaa kwenye kibaraza cha jirani, kanga ile imekunjwa magotini, akatazama kutoka mbali mjukuu wake akionyeshwa jua na mtu mwingine. Nilikuwepo. Ilikuwa aibu, na nilimkasirikia kaka yangu kwa miaka mingi. Watoto watatu waliofuata walitolewa vivyo hivyo, na mama hakuja tena.

Mwaka 1968 marehemu aliacha kazi ya Reli akawa mwinjilisti. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni ya kuhamia vijijini, aliwekwa katika kijiji hiki cha ujamaa, hapa kando ya njia ya zamani ya misafara, akajenga nyumba kama tulivyojenga sote, haraka haraka, miti na udongo. Kijiji cha mama nacho kilihamishwa. Kaka alikwenda Nzega mwenyewe akamleta mama akae kwake, ingawa ni chumba kimoja tu kilichokuwa kimeezekwa. Kila asubuhi alimnywesha chai kwa mkono wake. Tarehe 22 Novemba alizaliwa mtoto wa tano, wa kiume. Mvua ilikuwa imeanza, na Marcelina kila siku alikuwa na sababu ya kutomtoa mtoto nje: leo upepo, leo matope, leo kikohozi. Sababu ya kweli ilikuwa mama yetu, aliyelala chumba kilekile; Marcelina hakutaka bibi huyo apitwe mara ya tano.

Desemba mama akashikwa na homa ya mapafu. Niliitwa kutoka Urambo, nikafika Jumapili tarehe 15 asubuhi. Kaka alitoka ibadani akaketi karibu na mkeka wa mama.

"Mama, hujachelewa," alisema. "Nitajie siku moja tu. Ukinitajia, nitakutangaza kanisani leo hii na nitakuzika kwa nyimbo."

Mama alichukua muda kupata pumzi. "Mwanangu, nikitaja nitakuwa nimekudanganya. Ndiyo niende kwa Mungu na uongo mdomoni?"

Marcelina alikuwa akikoroga uji. Akaweka mwiko chini. "Baba Sylvester, mimi nilikudanganya."

"Umenidanganya nini?"

"Tarehe tatu Mei. Haikutokea kitu siku ile. Nilitaja iliyonijia mdomoni. Nilikutaka, nikaogopa utaondoka."

Kaka alisimama. "Kwa hiyo hukuokoka?"

"Nimeokoka. Ila lini, sijui. Miaka kumi na minne umekula kwangu na kuomba nami. Sema wewe kama mimi ni wa Bwana au si wake."

Marehemu alitazama saa yake ya mkononi, akaitazama tena, kisha akatoka nje akasimama kwenye manyunyu. Nilidhani hasira itampeleka mbali, na kusema kweli nilikuwa nimejiandaa kumfuata na kumpa maneno yangu yote ya tangu 1962. Sikuwahi. Alirudi kichwa kimelowa, akapiga magoti kwenye mkeka, akamwuliza mama jambo ambalo hata mmoja wetu hakuwahi kumwuliza.

"Mama, ile Alhamisi niliyozaliwa, ilikuwaje?"

Mama akatabasamu. "Ilinyesha kama leo. Baba yako alikwenda kuomba kuni kavu kwa jirani. Ulitoka kimya, tukadhani umekufa. Mkunga akakupindua, ukapiga chafya, ndipo ukalia."

"Mimi sikujua lolote."

"Ungejuaje?" mama alisema. "Kazi ilikuwa yangu."

Kaka aliinamisha kichwa akalia, na mimi nikalia, na hasira yangu ikaishia pale. Kisha akamtwaa mtoto kwa Marcelina, akamweka kwenye mikono ya mama. Mama hakuweza kusimama. Basi kaka akawanyanyua wote wawili, mama na mtoto mikononi mwake, akawapitisha mlangoni akiinama ili asiwagonge. Jua halikuwepo, mawingu tu. Mama akamwinua mtoto kidogo kuelekea pale jua lilipostahili kuwa, akasema, "Ngollo. Ni jina la baba yangu." Kanga iliyowafunika ilikuwa ile ya mwaka 1962. Mama alikuwa ameitunza bila kuivaa hata siku moja.

Alifariki tarehe 19 Desemba. Padri alizuiwa na mafuriko, katekista akaongoza sala, na kaka yangu mwinjilisti aliitikia zile sala za utoto wetu mpaka mwisho bila kukosea neno.

Tangu hapo marehemu hakuuliza tena mtu alizaliwa lini. Aliuliza, "Unaendeleaje?" na alisubiri jibu. Akihubiri Yohana sura ya tatu alifundisha kwamba Bwana hakumwagiza yule mwalimu aliyemwendea usiku ajizae mwenyewe. Alimwambia azaliwe, na anayezaliwa hutendewa. Alisema maji na Roho ni kazi ya mmoja, na sisi tutazamwe kwa namna tunavyoishi, kwa kuwa mtoto aliye hai hupumua, hula, hukua. Hakuwahi kuikana siku yake ya 1956, ila aliacha kuitolea ushuhuda. Baadhi ya ndugu wa kikundi walisema amepoa, wengine walisema amerudi nyuma, na wapo waliohama kabisa ibada yake. Jambo hilo lilimuumiza sana, na hakulificha.

Mwaka 1981 aligundulika kuwa na kisukari. Aliendelea kuhudumu, akitembelea wagonjwa kwa baiskeli, mpaka kidonda cha mguu kilipomlaza. Tarehe 18 Julai mwaka huu alilazwa hospitali ya Kitete, Tabora, akahudumiwa vizuri na madaktari na wauguzi, ambao familia inawashukuru. Alifariki Jumanne tarehe 9 Agosti 1983 alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka hamsini na minne.

Marehemu ameacha mjane, Marcelina, watoto watano, wa kwanza Sylvester na wa mwisho Ngollo, aliyekaa pale mbele na shati la shule, wajukuu wawili, na mimi mdogo wake, niliyebaki Mkatoliki, ambaye marehemu hakuchoka kunitania kwamba naimba vibaya kuliko Wamoravian wote.

Nina jambo la mwisho. Jana walikuja ndugu wa kile kikundi cha zamani. Wamekaa hapa leo, na ninawashukuru kwa kuja. Waliniomba, tena kwa upendo, niandike kwenye ratiba ya mazishi kwamba marehemu alizaliwa mara ya pili tarehe 12 Agosti 1956. Kesho ndiyo itakuwa tarehe hiyo. Walisema isipoandikwa, watu watasema alikufa bila siku, na wao watashindwa kumwimbia kama ndugu yao. Mtaona kwenye ratiba mlizoshika kwamba haikuandikwa. Nimeisoma kwa mdomo kwa sababu ilitokea. Sikuiandika kwa sababu yeye mwenyewe alikataa.

Wiki iliyopita pale Kitete nilimwuliza. Nilisema, "Kaka, siku ikifika watataka tarehe. Tuandike ipi?"

Alifikiri, akasema, "Siku ile ilikuwa ya kweli, Alois. Lakini siku ile ndiyo niliyopiga chafya. Kuzaliwa kulianza lini, mimi sijui."

"Sasa tuandike nini?"

"Andikeni mbili. Ile Alhamisi ya mama, na hii inayokuja. Ya tatu anayo aliyenizaa mara ya pili."

Ndugu zangu wa jana, jibu lenu ndilo hilo. Sasa mwimbieni. Lala salama, kaka. Siku yako inajulikana.