Loice Nasimiyu Wafula, Binti wa Miaka Kumi na Saba

Marehemu Loice Nasimiyu Wafula alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Januari 2001, katika zahanati moja karibu na Kimilili, Bungoma. Alikuwa kifungua mimba wa Bwana Silvesta Wafula na Bi Milka Nekesa. Kilikuwa kiangazi, ndiyo maana bibi yake akamwita Nasimiyu. Uchungu wa mama yake ulikuwa umeanza Jumapili. Gari la kumpeleka hospitali kubwa lilipofika, mtoto alikuwa ameshatoka, na hakulia. Mkunga alihangaika naye mpaka akatoa kisauti, watu wakapiga vigelegele. Hakuna aliyejua kwamba ule muda aliokosa hewa ulikuwa umeshaumiza ubongo wake. Alipitisha mwaka mmoja na nusu bila kuweza kukaa, ndipo daktari wa Eldoret akasema mtoto huyu ana mtindio wa ubongo.

Mwaka 2004 wazazi wake walipata kazi hapa Doha, baba katika ofisi na mama kama muuguzi, wakapanga nyumba Al Mansoura. Mdogo wake, Stacy, alizaliwa mwezi Agosti mwaka 2005. Stacy alitambaa, akasimama, akakimbia. Alipofika miaka sita alikuwa amempita dada yake kwa kichwa kizima. Katika nyumba nyingine nguo za mkubwa humshukia mdogo. Katika nyumba hii nguo zilipanda: gauni lililombana Stacy lilivaliwa na Nasimiyu, aliyemzidi miaka minne na zaidi. Nasimiyu alilijua hilo. Alikuwa akigeuza uso ukutani anapovishwa.

Shule ya kawaida haikumpokea. Kituo kimoja cha watoto wenye ulemavu kilimchukua kwa asubuhi tatu kila wiki, na kwa kuwa viti vilivyomtosha vilikuwa katika chumba cha watoto wa miaka mitano, alikaa humo mpaka alipofika miaka kumi na miwili, akiimbiwa nyimbo za kuhesabu vidole. Aliyemfundisha kusoma ni Mwalimu Kawira, jirani yao kutoka Meru, ambaye alikuja nyumbani siku za mapumziko. Maneno yalimtoka kwa shida na mate yalimtangulia, lakini aliyekuwa na subira ya kungoja alimsikia. Siku ya kwanza aliposoma sentensi nzima, Mwalimu Kawira alimpongeza kwa ile sauti tunayowasemeza watoto wachanga. Nasimiyu akamwambia, "Mwalimu, ongea vizuri." Tangu siku hiyo wakawa marafiki.

Mwezi Desemba mwaka 2012 familia ilienda nyumbani likizo. Wazee wa ukoo waliwasimamisha watoto wawili ukumbini, mmoja kwa miguu yake na mwingine akiwa ameshikwa kwapani na mama yake, wakawatazama. Shangazi mmoja akasema mbele ya wote, "Huyu wa kwanza alikataa kukua. Msipoangalia, atamrudisha nyuma na mdogo wake." Mwaka uliofuata Bwana Silvesta aliacha kazi, akarudi Kenya kabisa, akamchukua Stacy. Alipoulizwa na mkewe kwa nini anamtenganisha mtoto na dada yake, alisema, "Mmoja ameharibika. Unataka nikupe na wa pili?" Nasimiyu alikuwa palepale kwenye kiti chake cha magurudumu, umbali wa meza. Hakumwona tena Stacy. Ndoa ya wazazi wake iliishia hapo, na Bwana Silvesta ana familia nyingine sasa.

Katika wasifu wa watu wengine hapa ndipo panaposomwa kazi. Nasimiyu hakuajiriwa, ila kazi alikuwa nayo. Kuanzia mwaka 2014, yeye ndiye aliyeandika matangazo ya ushirika wetu wa maombi wa Ijumaa na kuyatuma katika kundi la simu, akibonyeza herufi moja moja kwa kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto, ambacho peke yake kilimtii. Tangazo la mistari minne lilimchukua asubuhi nzima. Wengi wenu mlio hapa mlisoma maneno yake kwa miaka miwili, na baadhi yenu mlidhani ni ya mama yake.

Alipotimiza miaka kumi na minne, Mwalimu Kawira alimpeleka kwenye maduka ya The Pearl amchagulie zawadi. Muuzaji wa duka la vipodozi aliinama, akamfinya shavu, akampa puto. Nasimiyu alilitazama lile puto, kisha akamwambia Kawira, "Mwambie asante. Sasa anipe na rangi ya midomo. Ile nyekundu." Muuzaji alicheka, akadhani mtoto anatania. Walirudi nyumbani na rangi ya midomo na puto, na Nasimiyu alikaa na midomo myekundu mpaka chakula cha jioni, akikataa kufutwa.

Sasa tunafika mahali ambapo familia iliombwa ifupishe. Mama yake amesema pasomwe pote, na mjomba wake Philipo, ambaye ndiye anayesoma maneno haya, alikuwepo, akaona yote kwa macho yake.

Ijumaa ya tarehe 11 Machi 2016, ushirika ulikutana katika nyumba moja ya Al Wukair kumpokea nabii aliyetoka Nairobi. Mguu wa kulia wa Nasimiyu ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto, kama inavyotokea upande mmoja wa mwili unapoathirika zaidi. Nabii alimwita mbele. Mama yake alisema, "Mtumishi, muombee tu, usimshike, mifupa yake ni myepesi." Nabii akauliza kwa kipaza sauti, "Mama huyu ana imani au ana udaktari?" Watu wakacheka. Nasimiyu alilazwa kwenye zulia, mtu mmoja akamshika mabega. Nabii alishika kifundo cha mguu ule mfupi kwa mikono miwili, akapaza sauti, "Mguu, nakuamuru, refuka!" akavuta. Nasimiyu alisema "Hapana" mara ya kwanza, na walio karibu walimsikia. Nabii akavuta tena. Paja lilivunjika kwa mlio ambao hata walioketi nyuma waliusikia. Alipopiga yowe, mtu mmoja alisema pepo anatoka, na wimbo ukapandishwa ili kumfunika.

Mama yake ni muuguzi. Hakuhitaji kuambiwa ule mlio ni wa nini. Alimwinua, mjomba wake akawasha gari. Kiongozi wa ushirika, Mzee Onyango, aliingia naye, akaketi mbele. Njiani akasema, "Dada Milka, tunamwomba Mungu pamoja. Lakini hospitalini ukisema ni maombi, hapa si kwetu, watatufunga sote. Sema alianguka kitandani."

"Mzee, mtoto wangu anasikia unachosema."

"Yeye ni mtoto, atasahau. Fikiria ndugu zako na kazi zao."

Bi Milka aliwafikiria. Alisema alianguka kitandani.

Hospitalini walimvua nguo, wakampima. Alikuwa na miaka kumi na mitano, kilo kumi na sita, na urefu wa sentimita mia moja na saba. Paja limevunjika, mbavu zinahesabika, na maelezo ya mama hayalingani na picha ya mfupa. Aliletwa afisa wa ustawi wa jamii. Kwa siku tisa Bi Milka aliruhusiwa kumwona binti yake mbele ya mlinzi tu. Afisa alimuuliza alikuwa akimpa chakula gani, mara ngapi, na kwa nini muuguzi mzima afiche mtoto anayekufa njaa nyumbani kwake. Alimwambia huenda akarudishwa Kenya, na mtoto akabaki. Katika siku hizo tisa Mzee Onyango hakupokea simu. Nabii alikuwa amesafiri Jumamosi.

Daktari wa mifupa, mtu wa makamo aliyekuwa na haraka zake, ndiye aliyemweleza afisa. Alisema, "Mtoto wa hali hii anaweza kulishwa vizuri na bado asikue. Kutafuna na kumeza kunamchosha kabla hajashiba. Misuli yake imekaza kutwa kucha, inakula chakula chake kama ya mtu anayekimbia. Mfupa usiobeba uzito wa mwili haupati unene wala urefu, na ukivutwa unakatika kama chaki. Na wengine, ile sehemu ya ubongo inayoamuru mwili ukue nayo imeguswa. Si wote. Wapo wanaofikia kimo cha kawaida. Huyu hakujaliwa."

"Kwa hiyo mama hana hatia?"

"Kuhusu kimo, hana. Kuhusu paja, mimi sikuwepo."

Ndipo afisa akaenda kwa Nasimiyu mwenyewe. Alichukua mwanasesere, akapiga magoti kando ya kitanda, akamwomba aonyeshe kwa mwanasesere mahali ambapo mama alimpiga. Mwalimu Kawira alikuwepo kumtafsiria. Nasimiyu alikusanya pumzi muda mrefu. Akasema, "Nina miaka kumi na tano. Ondoa hiyo."

Afisa akamweka mwanasesere chini.

"Mama hakunipiga. Mama hakuninyima chakula. Mwanamume alinivuta. Nilisema hapana." Akataja nyumba, akamtaja aliyemshika mabega, akamtaja aliyeketi mbele ndani ya gari na maneno aliyoyasema. Ilimchukua karibu saa nzima. Afisa yule, ni haki tumsifu, hakumkatiza hata mara moja, na jioni ile Bi Milka alilala kwenye kiti kando ya binti yake bila mlinzi.

Hakuna aliyefungwa. Mzee Onyango na wengine wawili walihojiwa, wakarudi makwao, nyumba ile ikaacha kutumiwa kwa ibada. Wiki hiyohiyo Nasimiyu aliondolewa katika kundi la simu la ushirika. Kwa kile kidole chake alimwandikia mmoja wa ushirika kumuuliza, "Matangazo ya Ijumaa nani anaandika?" Akajibiwa, "Mama yako ametuuza." Hakuna wa ushirika aliyekuja kumtazama kwa wiki saba alizokaa na plasta kutoka kiunoni hadi kwenye kisigino.

Mwaka 2017 chakula kilianza kumpotea njia, kikaingia mapafuni, akawa anaugua kifua kila baada ya wiki chache. Madaktari walishauri awekewe mrija wa kulishia tumboni. Walimweleza mama yake kana kwamba yeye hayupo, naye Nasimiyu akasema, "Mniulize mimi." Wakamuuliza. Alikubali kwa sharti kwamba Ijumaa ataonjeshwa mchuzi kwa ulimi. Mrija ulimfaa. Katika mwaka mmoja aliongeza kilo nne, na Mwalimu Kawira alipompima kwa kamba kutoka goti hadi kisigino, jinsi wanavyopimwa wasioweza kusimama, akamwambia mfupa umerefuka. Alidai keki. Keki ililetwa, ikakatwa, akaitazama ikiliwa. Miezi michache baadaye mgongo wake ulianza kupinda kwa kasi, na alichopewa na mrija kikachukuliwa na mgongo. Mwezi Septemba 2018 mbavu za kulia zilikuwa zimeegemea nyonga, na pafu la upande huo halikuwa na nafasi ya kufunguka.

Alilazwa tarehe 21 Oktoba akiwa na nimonia. Alikuwa na fahamu zake karibu mpaka mwisho. Muuguzi wa zamu alipomwita "bebi", alifumbua macho na kumtazama mpaka yule dada akasema, "Samahani, Loice." Alifariki Jumanne, tarehe 6 Novemba 2018, saa nne asubuhi, mama yake akiwa amemshika mkono na Mwalimu Kawira akimsomea Zaburi. Alibakiza miezi miwili kutimiza miaka kumi na minane.

Familia ilitaka kumpeleka Kimilili. Bwana Silvesta alipiga simu siku ya pili, akasema, "Wazee wamekataa. Wanasema kisichokua hakizikwi bomani, kitazuia wengine."

Bi Milka akamuuliza, "Na wewe ulisemaje?"

"Mimi ni nani nipingane na wazee?"

"Wewe ni baba yake," akamjibu, akakata simu. Na kwa mila, boma la wazazi wa Bi Milka haliwezi kumzika mtoto wa ukoo mwingine. Hiyo ndiyo sababu tuko hapa leo, katika mchanga huu.

Marehemu ameacha mama yake, Bi Milka Nekesa. Mdogo wake, Stacy, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, ambaye ameambiwa habari hizi kwa simu ya jirani. Mjomba wake, Philipo. Na rafiki yake, Mwalimu Kawira. Ameacha pia baba, Bwana Silvesta Wafula wa Kimilili. Mzee Onyango yuko hapa pamoja nasi, na familia inamshukuru kwa kufika.

Jambo la mwisho. Wachimbaji walipewa urefu wa jeneza bila umri, wakachimba kaburi upande wa watoto wachanga. Tulipogundua asubuhi hii, tuliambiwa upande wa watu wazima hakuna shimo lililo tayari, na siku haiwezi kuahirishwa. Kulia kwake amelala mtoto aliyeishi siku moja. Kushoto kwake, aliyeishi wiki mbili. Tuliogopa kumwambia mama yake. Tulipomwambia, alitazama vile vilima vidogo kimoja baada ya kingine. Kisha akasema, "Basi hapa yeye ndiye mkubwa. Wamwamkie."

Bwana ampe amani dada yao mkubwa.